Uongo Niliomwambia Binti Yangu Kuhusu T. rex

Nilimwambia kwamba ukikutana na T. rex usikimbie. Simama tu, ujikaushe kama mti, hatakuona. Nilisema hivyo nikiwa kwenye mashine yangu ya kufuma sweta, bila kuinua kichwa, kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia kwamba maji ya moto yanachoma. Na nilijuaje? Niliona kwenye filamu nikiwa kidato cha kwanza, Jumamosi moja ya mvua, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya meza mbili katika bwalo la shule. Huo ndio utafiti wangu wote.

Binti yangu alikuwa na miaka saba, na wazimu wa T. rex ulikuwa umeshamshika. Ulianzia sokoni Karatina. Nilikuwa namnunulia jaketi la mitumba, nikabishana bei na mama muuzaji mpaka sote wawili tukachoka, na mwishowe nikaomba nyongeza, maana mtu haondoki Karatina bila nyongeza. Alinitupia kitabu kilichokuwa kimekwama ndani ya marobota. "Peleka hiyo, hakuna mtu atanunua." Jalada lilikuwa limeraruka, na ndani mlikuwa na yule mnyama, meno nje, kila kurasa mbili. Nilidhani nimepewa takataka. Jaketi lilimbana baada ya mwaka mmoja. Kitabu hakijaisha mpaka leo.

Wiki ile ile ya uongo wangu tulienda Gakindu, kwa mama mkwe, mwenye miti michache ya kahawa na kuku wengi kuliko anaowahitaji. Ana jogoo mwekundu ambaye hata mbwa humpisha njia. Nilikuwa jikoni nikisikia kimya cha mtoto, na mzazi yeyote anajua kimya cha namna hiyo si kizuri. Nilipotoka nilimkuta amesimama mbele ya jogoo, mikono imebana mbavu, pumzi ameishika. Jogoo alimwangalia kwa jicho moja, akageuza kichwa akamwangalia kwa la pili, kisha akamrukia usoni.

Alipomaliza kulia, damu ikiwa imekauka juu ya nyusi, aliniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Mami, ulisema hawezi niona."

"Nilisema T. rex. Nilisema jogoo mimi?"

"Lakini ni watu wa familia moja. Kitabu ilichora miguu zao. Ziko sawa."

Nikakichukua kile kitabu, na kwa mara ya kwanza nikakisoma badala ya kukifungua tu ili anyamaze. Mambo yalikuwa mabaya kwangu. Macho ya T. rex yalitazama mbele, kama ya mwewe, na wataalamu wanasema aliona vizuri sana. Ungesimama kama mti angekuona, na angekushukuru kwa kumpunguzia kazi. Nilikuwa nimempa mtoto wangu ushauri wa kuliwa.

Nikamwomba msamaha. Mimi si mtu wa kuomba msamaha ovyo, waulizeni wanaonijua. Lakini nilimwomba, na akanisamehe kwa sharti kwamba tusome kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, na kila mahali nilipokuwa nikifikiri vingine niseme wazi. Niliyasema mengi. Nilifikiri alitembea wima, mkia ukiburuzika chini kama shuka. La, mwili alikuwa ameulaza na mkia ameuinua. Nilifikiri mikono yake ilikuwa ya bure. Ilikuwa mifupi kweli, kama ya mtu mzima tu kwenye mwili mkubwa kuliko lori, lakini ilikuwa na nguvu. Nilifikiri alikuwa akiua kila alichokula. Pengine aliua na pia aliokota mizoga, kama fisi, ambaye naye tunamsingizia kwamba haui. Binti yangu alinicheka mpaka akalala juu ya nyuzi zangu.

Hapo niseme jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichofuata. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hapewi jina tu. Anakuwa yeye. Mama mkwe humwita binti yangu "mwenzangu", na mimi nikitaka kumchapa lazima kwanza nijiulize nachapa nani. Nimewahi kuinua mwiko nikaurudisha kwenye sufuria.

Alipoingia gredi ya tatu, tukiwa tumehamia Gatitu karibu na kazi yangu, nilianza kuona kitu. Siku moja alirudi kutoka shule akapanda stuli, akakiweka kitabu juu ya kabati, mahali asipoweza kukifikia. Nikamuuliza mbona. Akasema kimeshaisha. Maswali yakakoma. Zamani nilikuwa naomba dakika tano za kimya ili nihesabu mishono ya shingo ya sweta. Sasa nilikuwa na saa nzima za kimya na sweta zilikuwa zinaharibika vile vile, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye.

Kisha nikafungua shajara yake ya shule kutia sahihi, nikakuta mwalimu ameandika: "Mtoto ametulia sana siku hizi. Hongera mzazi."

Sijawahi kuchukia neno hongera kama siku ile.

Aliniambia mwenyewe, baada ya siku nne. Nilikuwa nikimpima sweta mpya na kichwa chake kilikuwa bado ndani, hakijatokea kwenye shingo. Akaongelea humo humo. Alisema mwalimu alikuwa akifundisha wanyama wa nyumbani, akauliza kuku ni nani kwetu, anatupa nini. Wengine wakasema mayai, wengine nyama, mmoja akasema mbolea. Yeye akainua mkono akasema kuku ni mtu wa familia ya T. rex.

"Akasema aje?"

"Akasema hapa hatuleti uongo ya katuni. Akaniambia niketi."

"Na wengine?"

Sweta lilijikunja. "Wananiitanga Kuku. Nikipita wanasema ko-ko-ko."

"Toa kichwa nikuone."

"Sitaki."

Nikakaa chini sakafuni nikamkumbatia hivyo hivyo, mtoto wa sufu asiye na kichwa.

Kesho yake nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda kupiga kelele shuleni, mama mkwe akapiga simu kuuliza habari za mbolea ya kahawa. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Ngoja," akasema. "Mimi niliambiwa niketi?"

"Si wewe, mama. Ni mtoto."

"Ni mimi. Mimi niliitwa mwongo mbele ya watoto, na nikaitwa kuku. Na miaka yangu hii." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Na wewe unaenda wapi? Nasikia viatu."

"Naenda kumwona huyo mwalimu."

"Na hiyo sauti? Ukienda nayo, hata mimi ningekuambia uketi. Vua hivyo viatu. Nakuja."

Alikuja, na kwa bahati ujumbe ukaingia siku hiyo hiyo kwenye kundi la simu la wazazi. Wazazi wa siku hizi wanajua ujumbe wa namna hiyo. Ifikapo Ijumaa kila mwanafunzi alete mfano wa mnyama yeyote, uliotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, na mzazi aandamane naye. Kwa kawaida ningetukana. Nina sweta za shule nzima za kufuma, halafu niumbe ng'ombe wa udongo kama vile ni mimi ninayesoma? Lakini safari hii nilisoma neno moja mara tatu, kisha nikamwonyesha mama mkwe.

"Amesema yeyote."

"Yeyote ni yeyote," akasema, akaanza kukunja mikono ya nguo.

Tulimjenga mezani pangu, mashine ikiwa imesukumwa ukutani. Mifupa ilikuwa waya wa seng'enge, nyama ilikuwa gunia kuukuu lililojazwa magazeti, ngozi ilikuwa karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano na kupakwa masizi ya sufuria. Meno tulitumia mbegu za malenge. Binti yangu alikuwa hasemi. Lakini hakuondoka. Nilimpa mnyama vidole vitatu kila mkono, kwa sababu nilikuwa na vipande sita vya waya. Akachukua koleo akakata kimoja huku na kimoja huku, akaviweka mbele yangu bila neno. Nilibandika vifungo vya macho ubavuni mwa kichwa. Akavibandua gundi ikiwa bado mbichi, akavisogeza mbele.

"Huyu ni mimi kabisa," mama mkwe akasema. "Hata mimi nikikasirika siongei, natengeneza."

Shida ilikuwa kusimama. Tukimweka wima kama askari alisimama, ila binti yangu alitikisa kichwa. Tukimlaza mwili inavyotakiwa, kichwa kilikuwa kizito, akaanguka kwa pua. Tukajaribu mara nyingi. Mara ya mwisho pua iliingia kwenye chai yangu. Nikasema basi, asimame kama askari, nani atajua? Mtoto aliniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza.

Mama mkwe ndiye aliyetoka nje akarudi na konzi ya mchanga. "Kuku akiinama kula, mkia unaenda wapi? Juu. Ndio asianguke. Huyu wenu mmempa kichwa ya ng'ombe na mkia ya panya." Tukaufungua mkia, tukaurefusha kwa soksi ya shule, tukaujaza mchanga, tukaushona. Tukamwachilia. Aliyumba mara mbili, akatulia kwa miguu yake miwili, mwili umelala, mkia umenyooka nyuma, kichwa mbele kinanusa.

Sasa nilielewa kitu ambacho kitabu kilikuwa kimeniambia na sikukisikia. Mkia haukuwa pambo. Ndio uliokuwa unambeba.

Binti yangu aligusa mkia kwa kidole kimoja. Halafu akasema sentensi yake ya kwanza ya mchana ule. "Nitabeba. Lakini wewe ndio utaongea."

"Mbona mimi?"

"Wewe hawawezi kukuambia uketi."

Nilikubali. Sikulala vizuri, kwa sababu nilijua tukimaliza siku hiyo hivyo, mimi nikiongea na yeye akitazama viatu, basi mwalimu atakuwa ameshinda. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba kujua kitu ni hatari, kwamba afadhali mtu mwingine akubebee mdomo. Ningemlipia vipi hiyo? Hakuna fundi wa kushona sauti.

Ijumaa madawati yalikuwa yamesukumwa kando. Palikuwa na ng'ombe wa udongo wengi, twiga wa magunzi, sungura wa pamba, na simba mmoja wa plastiki ambaye mzazi wake alisahau kubandua karatasi ya bei. Tulipoingia watatu, mama mkwe mbele na kitambaa chake cha kanisani, nikasikia kutoka kona, polepole, ko-ko-ko. Binti yangu akamkumbatia mnyama kifuani. Nilijikaza. Nilikuwa nimeahidi kuacha sauti ile nyumbani.

Mwalimu ni msichana tu, pengine tunalingana umri, na siku hiyo alionekana hajala. Alikuwa na karatasi ya alama mkononi. Alifika kwetu, akamtazama mnyama, akamtazama mtoto.

"Na huyu ni nani?"

Mtoto akatazama viatu.

"Ni T. rex," nikasema. "Na si wa katuni, mwalimu. Aliishi. Mifupa yake imechimbwa, watu wameishika."

"Sawa mzazi. Endelea."

Nikaendelea. Nikaeleza macho ya mbele, na kwamba usije ukasimama ukidhani hatakuona. Nikaeleza mkia, nikaonyesha anavyosimama. Nikaeleza vidole viwili. Wazazi wengine wakasogea. Yule wa simba wa plastiki akaweka mikono nyuma, akasikiliza kama yuko mahakamani. Na mimi nikalewa. Mtu anayesikilizwa hulewa, hasa kama amezoea kupiga kelele tu. Dirisha lilikuwa wazi, na asubuhi ile mlima ulikuwa umevua mawingu yote, mweupe juu, na nikaunyooshea mkono.

"Na msidhani ni hadithi za mbali," nikasema. "Alikuwa akitembea hapa hapa, chini ya huo mlima wetu, akinywa maji yake. Mifupa ikaja kupatikana huko Turkana."

Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Hata mwalimu. Ningependa kuwaambia kwamba nilifanya makusudi, kwamba mama ana hila zake. Sivyo. Niliamini kila neno. Kwetu, kitu chochote cha kale sana lazima kiwe kilipita chini ya mlima, kwa sababu tumelelewa tukijua Mungu anakaa juu ya mlima, na kwamba mlima ulikuwako kabla ya kila kitu. Na mfupa wowote wa kale, kila Mkenya anajua, umetoka Turkana.

Kitu kikanivuta sweta.

"Mami. Si hivyo."

"Shh, namalizia."

"Mami, unawaambia uongo." Sauti ilikuwa ndogo lakini darasa lilikuwa limenyamaza. "Hakukaa hapa. Alikaa Amerika. Kuna dinosauri zingine zilikaa Afrika, lakini si huyu. Na zile mifupa za Turkana watu wanajua ni za watu wa kitambo. Watu walikuja yeye akiwa ameisha kitambo sana. Hawakuonana."

"Na mlima?" mwalimu akauliza.

Binti yangu akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nikauma ulimi. Mungu ni shahidi wangu, niliuuma kweli.

"Mlima haikuwa."

"Haikuwa wapi?"

"Haikuwa popote. Ilitoka moto chini ya mchanga ikajijenga, kama miaka milioni tatu imepita. Yeye ni milioni sitini na sita. Hajawahi kuuona."

Mwalimu aligeuka akaangalia dirishani, kama mtu anayehakikisha mkoba wake bado uko mahali alipouacha. Wengine wetu pia tuliangalia. Baba ya mtoto aliyeleta sungura akasema, "Ati haikuwa?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa baba yake pia aliwahi kunyonya.

Hapo mwalimu akafanya kitu ambacho namhesabia mpaka leo. Akaiweka karatasi ya alama juu ya dawati. "Na kuku?" akamuuliza. "Ile siku. Nieleze polepole."

"Kuku ni familia yake. Si mtoto yake, ni kama binamu ya mbali sana. Ndege wote. Mguu wa kuku uko na magamba, na vidole tatu mbele, kama yake. Na ule mfupa ya kifua yenye watu huvunja wakivutana, hata yeye alikuwa nayo."

"Mimi nilifikiri ni ile ya katuni," mwalimu akasema. Hakuomba msamaha, lakini aliyasema mbele ya wale wale, na hilo si dogo.

Kutoka kona sauti moja ikajaribu tena, ko-ko-ko. Binti yangu akageuka. Nilidhani atalia.

"T. rex hakuwa anasema hivyo," akasema, kwa ukali ambao najua umetoka wapi. "Na hakuwa ananguruma kama simba ya televisheni. Wanafikiri alikuwa anavuma, mdomo imefungwa, kama mbuni. Lakini hakuna mtu anajua kabisa, kwa sababu hakuna mtu alimsikia." Akafunga mdomo, akajaza mashavu, akavuma kutoka tumboni. Sauti nzito, mbaya, ya kupendeza. Yule wa ko-ko-ko akaijaribu. Ikamtoka kama nyuki. Jirani yake akajaribu. Ndani ya dakika moja darasa zima lilikuwa linavuma, na ng'ombe wa udongo walikuwa wanatetemeka mezani.

"Basi, basi," mwalimu akasema, lakini aliacha wamalize.

Tulipotoka nje hadi uwanjani nilimshika binti yangu mkono. Nilikuwa na aibu na furaha kwa pamoja, na vyote viwili vilikuwa vinanifanya nitembee haraka.

"Hiyo ya mlima ulitoa wapi? Haiko kwa kitabu."

"Kwa daftari yako ya sekondari. Ile ya jiografia, iko chini ya kitanda. Nilisoma nikiwa siongei."

Nilisimama. Niliiandika mwenyewe, kidato cha pili, kwa mwandiko wangu mzuri, na mwalimu wangu akaweka alama ya vyema. Kisha nikafanya mtihani nikasahau, nikarudi kuamini nilivyoamini. Mtoto wangu alikuwa amenisoma vizuri kuliko nilivyojisoma.

Mama mkwe alikuwa nyuma yetu, amembeba T. rex mkononi kama kuku wa kuuza. Tangu ile habari ya mlima alikuwa akiugeukia kila hatua chache. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini kila asubuhi akifungua mlango huangalia upande ule kwanza, kama wazee wake.

"Mwenzangu," akamwita.

"Ee, shosho."

"Kama mlima haikuwa, Mungu alikuwa anakaa wapi?"

Mtoto akawaza. Alitembea hatua nyingi akiwaza, akirusha jiwe kwa ncha ya kiatu.

"Hiyo sijui," akasema. "Lakini Jumatatu nitainua mkono niulize teacher."

Nikamwonea huruma yule mwalimu, kwa mara ya kwanza.